Konda Anaongea Kizungu

Kisa hiki si cha kujisifu. Mwaka 2010 mimi na mshikaji wangu mmoja tulitengeneza gemu la kompyuta. Yeye mchoraji, mimi wa kuandika programu. Wote hatuna kazi, wote tunakula kwa wazazi, Magomeni. Mkongo wa baharini ulikuwa umefika Dar mwaka mmoja nyuma, Julai 2009, na sisi tukajiona tumeshaungana na dunia. Tulitumia Flash, programu ambayo siku hizo ndiyo iliyoendesha magemu mengi ya intaneti.

Gemu lilikuwa la konda wa daladala. Anaita abiria, anawapanga, anarudisha chenji, anamkwepa trafiki. Gari lenyewe mshikaji alilichora kwa kumkumbuka baba yake, dereva wa Mwenge–Posta mpaka mgongo ulipomshinda. Hata ule ufa kwenye kioo cha mbele aliuweka. Usiku wa manane tulikuwa tukicheka peke yetu kama wendawazimu.

Sasa utaniuliza, gemu la kuchezwa bure lina mshiko gani? Upo. Tovuti kubwa za magemu, kama Armor Games na Kongregate, zilikuwa zikitafuta watu wa kuzitembelea. Mdhamini anakulipa, nawe unaweka nembo yake pale gemu linapofunguka, pamoja na kiungo cha kumpeleka mchezaji kwenye tovuti yake. Gemu likisambaa, nembo inasambaa nalo. Lilikuwepo hata soko, FlashGameLicense, ambako unaonyesha gemu lako na wadhamini wanalipandia dau.

Sisi tulipata wawili. Wa kwanza, dola 400. Alitaka nembo tu. Majina yetu yabaki, Kiswahili kibaki, na tungeweza kuwauzia wengine nakala zenye nembo zao. Wa pili, dola 1,200, lakini gemu liwe lake peke yake. Maneno ya konda yawe Kiingereza. Majina yetu yatoke ukurasa wa mwanzo. Na lipigwe kufuli, yaani kila linapofunguliwa lijikague kwanza liko tovuti gani. Likikuta si kwa bwana wake, ligome.

Tulibishana kijiweni hadi muuza kahawa akafunga.

"Mia nne tukigawana ni mia mbili mbili," nikamwambia. "Mdogo wangu wa kike anadaiwa ada. Jina haliliwi, mwanangu."

"Na konda akiongea Kizungu, huyo konda wa njia gani?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Siku tatu baadaye akasema haya, fanya unavyojua. Nikatia sahihi.

Mshiko ulikuja, ada ililipwa, na hilo silijutii. Lakini mambo ya Flash hayakudumu. Mwaka huohuo wa 2010 Apple walieleza wazi kwa nini hawaitaki kwenye simu zao, na watu walikuwa wanahamia kwenye simu. Tovuti ya mdhamini wetu ikafungwa kimyakimya, hata barua ya kwaheri hatukuipata. Bwana ameondoka, kufuli limebaki mlangoni. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe wakaacha kuihudumia Flash, na kuanzia 12 Januari 2021 kichezeshi chao kikakataa kuifungua kabisa.

Magemu mengi yaliyosambaa bila kufuli yamepata uhai wa pili. Ipo programu iitwayo Ruffle, inayafufua kwenye vivinjari vya leo. La kwetu halimo. Haki si yetu tena, na wa kumwandikia kuomba simjui.

Mwaka jana mshikaji akanipigia simu. Binti yake kamwuliza, "Baba, lile gemu lako liko wapi?" Naye, kwa sauti ya chini: "Gari la mzee, bado unalo?" Mzee alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Nikafukua diski za zamani. Faili moja nikalikuta, lisilo na kufuli. Nikamtumia, nikamweleza namna ya kulifungua kwa Ruffle, aangalie nyumbani na mwanawe tu. Sikumwomba mtu ruhusa. Jioni akajibu ujumbe mfupi:

"Ufa wa kioo upo. Ila konda anaongea Kizungu."

Nakala ya Kiswahili sikuihifadhi. Nilikuwa nimeandika juu yake siku ile ya kutimiza masharti.

Nawaandikia ninyi chipukizi, maana mkataba wa hadithi na mkataba wa gemu ni ndugu. Mdhamini akija, pesa uiulizie, ndiyo, njaa haina adabu. Lakini mwulize na haya. Ananunua nini: nembo, au kazi nzima? Kwa muda gani? Akifunga duka, kazi inarudi kwa nani? Na yule mliyeitengeneza naye, amekubali, au amechoka kubishana? Hilo la mwisho nililijua jibu lake palepale kijiweni. Nakala ya kwanza nayo, iweke mahali ambapo mkono wako mwenyewe hautaigusa.

Mshikaji bado tunasalimiana. Ameniambia atamrekodi binti yake akiita abiria wa Mwenge, tuone kama sauti itaingia kwenye lile faili. Nimemwambia alete.