Ndalu, Jani kwa Jani

Kwetu Mombasa, bustani ikiingiwa na wadudu jawabu liko mlangoni: unachuma majani ya mwarobaini, unayatwanga, unayaloweka usiku kucha, asubuhi unachuja na kunyunyiza. Kwenda Ndalu nilikwenda na imani hiyo. Sikuwa nimewahi kupita Eldoret maishani. Rafiki niliyesoma naye alikuwa amenisihi kwa muda mrefu nikamwone mama yake, anayelima mboga za kuuza sokoni na mahindi ya chakula. Mimi naandika habari za bustani, yeye ana bustani, basi nikafunga safari katikati ya Mei.

Basi la usiku kutoka Nairobi lilinishusha Kitale alfajiri, na baridi yake ilinikuta na shati la mikono mifupi. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Nilikunywa chai mbili mfululizo nimesimama, nikapanda matatu ya kwenda Webuye, Mlima Elgon ukiwa kulia kwetu umefunikwa na mawingu hadi kiunoni. Kiminini nikashuka, nikachukua boda. Kijana wa boda alikuwa msemaji. Alinieleza kwamba sehemu hizi zilikuwa mashamba makubwa ya walowezi, yakakatwa vipande baada ya uhuru na kugawiwa watu, na ndiyo sababu wazee wanaita kwao "skimu" hadi leo. Kote tulikopita ni mahindi, mahindi, halafu mahindi. Huku mvua ni msimu mmoja mrefu: watu hupanda Machi na Aprili, wakavuna kuanzia Oktoba, kwa hiyo mwezi ule mimea ilikuwa magotini.

"Mulembe," mama alinipokea, akanikalisha jikoni karibu na moto, akanipa ugali na mrenda. Nilipomaliza nikamuuliza mwarobaini wake uko wapi.

Akacheka. "Mwarobaini huku? Huku baridi, mwanangu. Nenda nao Mombasa."

Alichokuwa nacho ni utupa, ameupanda mstari mzima kwenye ua. Ni kichaka chenye majani yanayoteleza kidogo mkononi, ambacho wavuvi tangu zamani hutwanga na kumwaga majini kulevya samaki. Sumu iliyomo, rotenoni, ndiyo inayoua wadudu pia. Kando ya barabara yalikuwapo maua malulu, yale ya manjano yanayofanana na alizeti, ambayo yeye huyatia kwenye pipa la maji yaoze awe na mbolea ya kumwagia mboga. Nikatoa daftari niandike vipimo. Akanizuia. Kwanza tukaangalie tunamuua nani, alisema, maana mimi nilikuwa nimeshauliza dawa kabla sijauona ugonjwa.

Mafunzo aliyapata Manor House, kituo cha kilimo hai kilichoanzishwa karibu na Kitale mwaka 1984. Sijui ni kituo au ni tabia yake tu, lakini sijapata kuona mtu anayesoma jani kwa utulivu ule. Tulianzia kwenye sukuma wiki. Aligeuza jani la chini. Kwa juu lilikuwa limekunjamana na kupauka. Kwa chini vidukari walikuwa wamebanana kando ya mshipa mkuu, wa kijivu, wamejipaka unga mweupe. Sisimizi wadogo walikuwa wakipanda na kushuka shinani.

"Hawa chungu wanafuata sukari," alisema. Kidukari hufyonza utomvu kupita kiasi anachohitaji, kinachozidi hukitoa nyuma kikiwa kitamu, na sisimizi hukinywa. Kwa malipo, humfukuza yeyote anayekuja kumla kidukari. Ndiyo maana mama huzungushia jivu kwenye mashina. Jivu halimgusi kidukari aliye juu ya jani. Linamkata mlinzi wake njia.

Kisha akanipa lenzi ndogo ya mkono. "Tafuta aliyekufa."

Ilinichukua muda. Katikati ya kundi lile, baadhi ya vidukari walikuwa wamevimba, wa rangi ya shaba iliyofifia, hawasogei hata ukiwagusa kwa ncha ya majani makavu. Mmoja alikuwa na tundu mgongoni, duara kamili. Humo ndimo alimotokea nyigu mdogo kuliko punje ya wimbi. Jike la nyigu huyo hutaga yai ndani ya kidukari aliye hai, buu likamla kutoka ndani, likajigeuza na kutoboa mlango wa kutokea. Kwenye jani hilohilo lilikuwapo buu la kijani lisilo na miguu, mtoto wa nzi wa maua, linanyonya kidukari na kumtupa ganda. Mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi tulimkuta jani la pili.

Mtu akipulizia hapo dawa kali inayoua kila kitu, nyigu hufa wote, na vidukari wachache waliojificha ndani ya mikunjo hubaki. Kidukari jike huzaa bila dume, tena huzaa watoto wanaotembea. Wiki mbili baadaye bustani huwa na vidukari wengi kuliko mwanzo na hakuna wa kuwala. Sukuma nayo huchumwa kila wiki, ilhali kila dawa iliyosajiliwa ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna zilizoandikwa kwenye chupa. Mpishi wa Kitale hataambiwa kama siku hizo zilitimia. Mama aling'oa majani yaliyoathirika sana akawapa kuku, yaliyosalia akayaosha kwa maji yenye sabuni ya kufulia kidogo, akilenga chini ya jani.

Kabichi tulizipita haraka. Tulimkuta kiwavi mwembamba wa kijani anayetoboa vidirisha kwenye jani na kuacha utando wa juu. Ukimgusa hujipindapinda kwa nguvu na kujiachia kwa uzi. Huyo ni mtoto wa nondo mgongo-almasi, na sifa yake mbaya ni kuzoea dawa upesi. Mwaka 2002 watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, waliachilia nchini nyigu aliyeletwa kutoka Taiwan mahususi kwa ajili yake, na katika nyanda za juu zenye baridi nyigu huyo alistawi.

Nyanya zilikuwa na kesi mbili tofauti, na hapa nilijifunza kitu ambacho kingenisaidia miaka mingi kule pwani. Jani moja lilikuwa na michirizi myeupe inayopindapinda. Jingine lilikuwa na mabaka mapana yaliyokauka, na ukiliinua juani unaona vinyesi vyeusi ndani. La kwanza ni kazi ya nzi mchimbaji wa majani, hasara ndogo. La pili ni Tuta absoluta, kanitangaze wa Watanzania, nondo wa Amerika Kusini aliyefika Kenya mwaka 2014 na huingia mpaka ndani ya tunda. Majani ya namna hiyo mama huyachoma. Hayaingii kwenye mboji. Mche mmoja ulikuwa umekatwa chini kabisa, umelala. Akachimbua kwa kidole pembeni yake na kumtoa sota wa kijivu aliyejikunja. Kuku wakamgombania.

Mahindi ndiyo yalileta ubishi. Rafiki yangu alifika mchana kutoka Kitale na pampu ya mgongoni ya kuazima, tayari kupulizia robo ekari yote. Majani yalikuwa na matundu yaliyochanika, na kwenye kikonyo kilichojikunja katikati mlikuwa na vinyesi vibichi mfano wa unga wa mbao. Nilifungua kimoja. Kiwavi alikuwa na alama ya Y iliyopinduliwa kichwani, na karibu na mkia madoa manne yaliyopangika mraba. Viwavijeshi vamizi. Asili yao ni Amerika; Afrika walitangazwa mwaka 2016, na mwaka uliofuata walipoonekana Kenya, magharibi huku ndiko walikoanzia. Nondo wake husafiri mbali usiku kwa upepo. Jike hutaga mayai kwa mafungu ya mia na zaidi, akayafunika kwa manyoya yake.

"Hesabu kwanza," mama akamwambia mwanawe.

"Mama, si unaona mwenyewe?"

"Naona jani. Hesabu."

Basi tukaingia shambani wote watatu, tukitembea kwa kupindapinda, tukisimama sehemu tano na kukagua mimea kumi kila sehemu. Kwa mahindi machanga, washauri wa kilimo husema fikiria dawa ukikuta miwili kati ya kila kumi ina dalili mbichi. Sisi tulipata minane kati ya hamsini, na karibu yote upande mmoja, unaopakana na jirani aliyechelewa kupanda. Jirani wa upande wa pili amepanda desmodi kati ya mistari na nepia kuzunguka shamba. Huo ni mtindo wa sukuma-vuta, uliobuniwa miaka ya 1990 na icipe, Rothamsted ya Uingereza na kituo cha utafiti cha Kitale dhidi ya funza wa mabua: harufu ya desmodi humfukuza nondo, nepia humvutia atage pale ambapo watoto wake wengi hawatakua. Desmodi huua pia kiduha ardhini, na hulisha ng'ombe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha mashamba hayo yana viwavijeshi vamizi pungufu kwa zaidi ya asilimia 80. Ila mbegu ya desmodi ni ghali, na palizi ya msimu wa kwanza inachosha mgongo. Jirani alituambia hivyo bila kuficha.

Rafiki yangu hakufurahi. Pampu alikuwa ameibeba kwenye boda kutoka mbali. Walikubaliana, baada ya maneno mengi ya Kibukusu ambayo hakuna aliyenitafsiria, kwamba upande ule mmoja tuupitie kwa mkono: kuminya mayai, kumtoa kiwavi, kisha kutia jivu na udongo laini kwenye kikonyo. Tulianza saa kumi na moja jioni, kwa sababu jua likipungua kiwavi hupanda juu kula na unamwona bila kuchana majani. Debe la jivu nililibeba mimi. Pampu ilirudishwa kwa mwenyewe ikiwa kavu, na hesabu nyingine ikapangwa Jumatatu.