Kidonda cha mti: Kutoka Kibaha hadi vilima vya Pugu

UKITOKA Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, ukishazipita Kibamba na Kiluvya, unaingia Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani. Kandokando ya njia miche imepangwa kwenye viriba vyeusi: miembe, michungwa, bogenvilia. Hapa na pale kuna chungu kifupi chenye mkwaju au mkuyu uliopunguzwa matawi hadi ukawa mzee usiozidi urefu wa goti. Hiyo ndiyo miti ambayo Wajapani huiita bonsai.

Mti wa namna hiyo hautunzwi mwaka mmoja. Kuna nyumba ambayo mkwaju wa chungu ndiyo kumbukumbu ya baba. Kwa hiyo siku mtoto anapokata tawi nene na kuacha kidonda cha upana wa shilingi, swali ni zito: kifunikwe na nini?

Majibu hayakosekani. Mmoja atasema rangi ya mlango, mwingine oili chafu ya gari, kwa sababu nguzo zikipakwa oili mchwa hawazili. Lakini nguzo ni mti uliokufa. Ukimpaka aliye hai oili, unaunguza lile tabaka la kijani chini ya gamba, na ndilo linaloota na kuziba jeraha.

Elimu hii si ngeni. Mwaka 1791 mtunza bustani wa mfalme wa Uingereza, William Forsyth, alichapisha kitabu akisifu dawa yake ya samadi ya ng'ombe, chokaa, majivu na mchanga. Karibu miaka 200 baadaye, Alex Shigo wa idara ya misitu ya Marekani alipasua maelfu ya magogo, akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi. Hujenga ukuta ndani, ukalifungia jeraha, kisha gamba jipya hulifunika kwa juu. Rangi na lami hazizuii kuoza.

Basi ya nini kupaka? Kwa mwembe wa shambani, hakuna haja. Kwa mti wa chungu, jua la Pwani hukausha kingo za jeraha, na kingo zikikauka gamba hurudi nyuma. Dawa ya kienyeji kazi yake ni kutunza unyevu tu.

Ukitaka kuona moja ya malighafi zake, pita Gongo la Mboto, panda vilima vya Pugu kuelekea Kisarawe. Humo mna udongo mweupe wa kaolini, na mapango yaliyochimbwa na watu walioutafuta. Leo ni makazi ya popo. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni hifadhi, kwa hiyo udongo wa huko unatazamwa, hauchukuliwi. Ule wa mfinyanzi unaouzwa sokoni unatosha.

Ukande udongo laini kwa mafuta kidogo ya kupikia mpaka uwe kama unga wa chapati. Hautapasuka upesi kama uliokandwa kwa maji. Njia ya pili ni nta ya nyuki na mafuta, kiasi sawa. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe, maana nta hushika moto. Ikipoa ikawa ngumu, ongeza mafuta. Ikiwa inachuruzika kwa joto, ongeza nta. Paka ikiwa imepoa.

Kabla ya kupaka, futa kisu kwa spiriti, lainisha kingo, na kata siku kavu kabla mvua hazijaanza, ili mti uingie masika ukiwa na nguvu za kuota. Mkuyu ukitoa utomvu, subiri ukauke. Samadi mbichi iache, ina vijidudu vingi.

Baada ya wiki kadhaa inua ukingo wa dawa polepole. Ukiona mdomo mnene wa gamba jipya, rudishia na uache. Ukiona weusi na harufu, ondoa dawa yote, kata hadi penye uzima, uache pakauke.

Mwenye haraka asianze na mkwaju wa baba. Kwenye vibanda vya Kibaha kuna miche ya bei ndogo ya kujifunzia kukata.