Tope la Lori la Vita

Watoto wa hapa Ushirombo huunda malori ya jeshi kwa makopo na waya, kisha huyapaka tope kila mahali. Mzee mmoja wa kigango chetu, aliyekuwa dereva katika Vita vya Kagera, huwakosoa bila huruma. Tope, asema, hurushwa na magurudumu. Kwa hiyo hujaa chini ya madigadi na nyuma ya matairi, bali juu ya turubai hukaa vumbi tu.

Amewafundisha kuchekecha udongo mweusi wa mbugani na kuuchanganya na gundi ya mbao pamoja na nyasi kavu zilizokatwakatwa. (Pasipo gundi udongo ule hupasuka na kubanduka, kama mashamba yetu wakati wa kiangazi.) Tabaka la kwanza huwa jembamba, likauke, la pili zito. Udongo mkavu hupauka, hivyo panapotakiwa tope bichi hupaka vanishi.

Nilimwuliza sababu ya bidii hiyo yote kwa vichezeo. Akasema lori safi humdanganya mtoto kwamba vita ni gwaride.

Lori moja ameliunda mwenyewe: limezama hadi ekseli, matawi yamelazwa mbele ya matairi. Ni masika ya 1979, kabla Kampala haijatekwa tarehe 11 Aprili. Watoto humwuliza askari wako wapi.

“Wako nyuma,” hujibu, “wanasukuma.”