Bruce Cabot na Baba Mkubwa

Baba yangu mkubwa, mzee wa Kibosho, alishikilia hadi kufa kwamba yumo katika filamu ya Hatari! Alikuwa ameteremka Moshi kutafuta kibarua, akaishia upande wa Arusha, ambako Howard Hawks alikuwa akipiga picha na John Wayne. Alipewa kamba, alisema, akaivuta. Mwaka jana, nikiwa ndiye msomi wa ukoo, niliandika wasifu wa marehemu. Sentensi hiyo niliifuta kwa kukosa ushahidi. Watoto wake hawakunilaumu, wala hawakunishukuru.

Juzi niliitazama filamu ile upya, nikiisimamisha kila alipotokea Mwafrika. Nikajikuta namfuatilia Bruce Cabot. Alizaliwa New Mexico mwaka 1904, akawa kijana shujaa wa King Kong (1933), kisha nyota yake ikafifia. Tangu hapo aliishi kwa nafasi za pembeni: adui wa Wayne katika Angel and the Badman (1947), baadaye mwenzi wake wa kudumu katika filamu za kauboi, The Comancheros, McLintock!, The War Wagon, Chisum, Big Jake. Alifariki mwaka 1972. Kazi ya mwigizaji wa aina hiyo ni kuumia mapema ili hadithi ianze. Katika Hatari! faru anamchoma mguuni mwanzoni kabisa, anakimbizwa hospitalini Arusha, na wenzake wanapata sababu ya kugombana kisha kupatana. Simdharau hata kidogo. Bila watu kama yeye, Wayne angekuwa jitu refu tu lililoketi garini.

Ila mhusika wake anaitwa “Indian”. Mzungu anaigiza mwenyeji wa Marekani, juu ya ardhi yetu, naye ana jina miongoni mwa wakuu. Wayne na wenzake walisifiwa sana kwa kuwakimbiza wanyama wao wenyewe. Katika majina makubwa ya filamu hiyo hakuna hata moja la mwenyeji wa hapa. Filamu ilitoka mwaka 1962, miezi michache baada ya Uhuru. Tulikuwa na bendera, na neno letu limeandikwa juu ya mabango ya dunia.

Uso wa baba mkubwa sikuuona. Ipo mikono inayovuta kamba, nyuso zimeachwa nje ya picha. Siwezi kuapa kwamba mmoja ni wake. Hata hivyo, mwezi ujao tunafanya kumbukumbu yake ya mwaka mmoja, na sentensi ile nimeirudisha.