Eddie Kabla ya Mvi

Malipo ya tumbaku yakitoka, kijiji chetu cha Kigwa, karibu na Tabora, hujaa fedha, na mwenye jenereta hakosi lake. Msimu mmoja kibanda chetu cha video kilipata kanda ya The Color of Money. Mtafsiri akaamua kuwa stelingi ni Tom Cruise, yule kijana anayezungusha fimbo ya pool kama upanga. Paul Newman, mwenye mvi na masharubu, akamwita Bosi tu. Mimi nikampenda Bosi: muuza pombe mwenye gari zuri, anayemtembeza kijana mji hadi mji, anamwekea dau, kisha anachukua fungu lake. Mjanja wa mjini hasa.

Miaka baadaye, Tabora mjini, rafiki alinipa The Hustler ya Robert Rossen, ya 1961, iliyotangulia ile kwa miaka 25. Picha nyeusi na nyeupe, mtafsiri hakuna, maneno mengi. Nilikuwa naanza kusinzia nilipomtambua Newman: Bosi yule yule, kumbe jina lake Eddie, kijana, mdomo mrefu, anakwenda kumkabili bingwa wa pool, Minnesota Fats.

Wanacheza usiku kucha. Eddie anaongoza, anakunywa, haachi. Fats, anayechezwa na Jackie Gleason, ananawa, anapaka poda mikononi, anavaa koti lake na kurudi mezani kana kwamba ndiyo kwanza amefika. Eddie, amelewa, anamcheka. Pale pale nikajua kaisha.

Halafu anatokea Bert Gordon (George C. Scott), mwenye mtaji. Anataka asilimia 75 ya ushindi wa Eddie. Kigwa, kituo cha misafara ya zamani kabla ya kuingia Tabora, hatuhitaji kufafanuliwa habari za mpagazi na mwenye mali. Sarah, mpenzi wa Eddie, anamwona Bert alivyo mapema kuliko yeyote, na anajiua. Mwishoni Eddie anamshinda Fats, anamnyima Bert fungu lake na kuondoka.

Aliyeitazama mwaka 1961 bila shaka alitoka kifua mbele. Mimi sikuweza. Nilishamwona Eddie akiwa amekalia kiti cha Bert, na nilishampigia makofi.

Tuzo ya Oscar, Newman aliipata kwa The Color of Money. Wapo wanaosema ilikuwa fidia ya kuchelewa. Sikubali: kumfanya Bosi apendeke kiasi kile, baada ya yote aliyoyajua Eddie, ni kazi ngumu kuliko ya 1961.