Kabla Hujaiuza Chapa ya Banksy

Kwako mpwa wangu mpendwa, London,

Nimeelewa kwamba unataka kuiuza ile chapa ya msanii Banksy iitwayo Girl with Balloon, na kwamba umeshaanza kuulizia bei. Naona umeanzia mwisho. Picha ya msichana na puto jekundu imezagaa duniani kote, kwenye fulana, vikombe na mabango, na yeyote aitakaye ataipata kwa pauni chache. Wewe unauza kitu kingine kabisa: uthibitisho kwamba karatasi yako ni mojawapo ya zile zilizochapwa mwaka 2004, 150 zenye sahihi ya msanii na 600 zisizo na sahihi. Uthibitisho ukiwa mzima, wanunuzi watakutafuta wenyewe. Ukiwa na tundu, hakuna dalali wa kuliziba.

Kwa kazi za Banksy, mlango wa kuthibitisha ni mmoja tu. Tangu 2008 ofisi yake iitwayo Pest Control ndiyo inayotoa vyeti, na kila cheti kimebanwa nusu ya noti ya mzaha ya pauni 10 yenye sura ya marehemu Princess Diana. Noti huchanwa vipande viwili, na nusu ya pili hubaki kwao ili siku ya ubishi vipande vikutanishwe. (Msanii aliyejipatia jina kwa kuwacheka wakubwa sasa ana urasimu kama wa benki, lakini soko ndilo lililomfikisha huko.) Kama cheti huna, kiombe sasa, na ukusanye kila risiti na barua pepe ya ununuzi, maana Pictures on Walls, waliozichapisha na kuziuza chapa hizo, walifunga biashara yao na huwezi tena kwenda dukani kwao kuulizia. Najua utaniambia sahihi ya penseli na namba pale chini vinatosha. Havitoshi, kwa kuwa hivyo ndivyo mghushi anavyoanza navyo. Novemba 2024 polisi wa Italia walitangaza kunasa kazi bandia zaidi ya 2,100 zilizobandikwa majina ya Banksy, Warhol, Picasso na wengine; wahusika walithubutu hata kuandaa maonyesho ya Banksy. Mnunuzi aliyesikia habari hizo atakutilia shaka mpaka umtoe shaka, kama vile ambavyo wewe usingenunua kiwanja kisicho na hati kwa kuwa tu muuzaji ana uso wa upole.

Karatasi yenyewe nayo ni shahidi. Usiipunguze kingo ili ienee kwenye fremu, usiigandishe kwenye ubao kwa gundi, na doa ukiliona mwachie mtaalamu wa karatasi. Oktoba 2018, mchoro wa msichana huyohuyo ulijichana ndani ya fremu mara tu baada ya kuuzwa katika nyumba ya mnada ya Sotheby's kwa pauni milioni 1 na ushei. Mwaka 2021 ukauzwa tena kwa zaidi ya pauni milioni 18. Baada ya kisa kile magazeti ya Uingereza yaliripoti kwamba mwenye chapa mmoja aliikata yake kwa kutumaini nayo itapanda, akaambiwa ameiangamiza. Mkato wa kwanza ulikuwa kazi ya msanii, unaojulikana siku na mahali pake. Wa pili ulikuwa uharibifu tu. Na usihangaishwe na wanaodai kwamba namba 3/150 ni bora kuliko 140/150: chapa za skrini hazichakai kama zile za bamba la shaba.

Hoja yako nzito dhidi ya kuuza mnadani ni makato. Ni kweli, mnada hukata kamisheni kwa muuzaji na kumwongezea mnunuzi ada juu ya bei, ilhali ukiuza moja kwa moja mtandaoni hela zote ni zako. Lakini mgeni wa mtandaoni naye hujikatia fungu kwa kila shaka aliyo nayo, na hatakuandikia fungu hilo kwenye risiti. Kamisheni hujadiliwa, jadili, na udai bei ya chini ambayo kazi haitauzwa ikishindwa kuifikia. Kuhusu kungoja bei ipande, sikushauri uitegemee chapa kama akiba: bei za chapa za Banksy zilipaa 2020 na 2021, kisha zikashuka. Ukihitaji fedha, uza. Kama huhitaji, itundike mbali na jua. Faida ya kitu kinachouzwa zaidi ya pauni 6,000 inaweza kutozwa kodi huko, kwa hiyo muulize mhasibu kabla ya mnada. Watu wa mnada wakishakupa mkataba, nitumie nakala kabla hujatia sahihi, tuvipitie pamoja vifungu vya makato na vya bima wakati chapa iko mikononi mwao.

Wasalaam,
Mjomba wako