Naruto kawa baba

Madenge wa jarida la Sani hakui. Wazazi wetu walimsoma akiwa mtoto mtundu, na hadi leo ni mtundu yule yule, na tunampenda hivyo hivyo. Naruto ni habari nyingine. Masashi Kishimoto alianza kumchora mwaka 1999, mimi sijazaliwa, akamaliza Novemba 2014 kwenye sura ya 700. Hapo katikati dogo wa miaka 12 anabalehe, anafiwa na mwalimu wake, anaoa, anashika uongozi wa kijiji.

Buguruni tulimpata kwenye flash. Unampa mwenye kibanda cha muvi hela yako, anakuwekea vipande alivyonavyo, vimeruka au havijaruka shauri yako. Nilikuwa nachanga na jirani yangu. Yeye alimpenda Naruto kwa sababu moja: alifeli mtihani wa kuhitimu mara tatu, na bado mwalimu Iruka akawa anampeleka kula tambi. Jirani alifeli la saba. Hakuna aliyempeleka kula chochote. Sasa anauza viatu Kariakoo na ana binti wa miaka mitatu.

Wengi hapa chuo wanasema hadithi iliharibikia kwenye Boruto, pale Naruto anapokuwa mtu mzima. Mtoto aliyelilia baba miaka yote kawa baba asiyeonekana nyumbani. Siku ya kuzaliwa ya binti yake anatuma kivuli chake cha kininja, kinayeyuka kikiwa kimeshika keki, keki chini. Mimi naona hapo ndo ilipokomaa. Nilimsimulia jirani, ambaye hutoka alfajiri na kurudi mtoto kalala. Akasema, “Mwanangu, sasa ulitaka huyo mtoto ale nini?”

Nasomea ualimu, kwa hiyo siku hizi jicho langu liko kwa Iruka. Sijawahi kuona mtu kavaa fulana yake. Anatokea kidogo kidogo, anazeeka pembeni, mwisho ni mkuu wa shule na anamfundisha adabu mtoto wa Naruto. Mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilipewa kidato cha kwanza, wanafunzi 94, darasa moja. Tambi za wote hao kwa boom lipi? Nikaanza kukariri majina. Hadi naondoka nilikuwa nimefika 61.